Ndago ya Akiru

Kimilili, 1951

Machi 11, Jumapili

Jairus ameleta mke.

Nilikuwa natoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, nikaona lori la posho la serikali limesimama njia panda. Mwanangu ni utingo wa lori hilo, Kitale kwenda Lodwar na kurudi, kwa hiyo nikaharakisha mwendo kama mama yeyote. Akaruka chini. Halafu akageuka akamnyoshea mtu mkono, na mtu huyo akashuka polepole. Msichana mrefu, kichwa kimenyolewa pembeni, shanga zimepandana shingoni mpaka kidevuni, tumbo limeshachomoza. Kifuani amekumbatia debe.

"Mama, huyu ni Akiru," Jairus akasema. "Mke wangu. Tulioana kwao."

"Mulembe, mama," msichana akasema. Alifundishwa salamu yetu njiani, ilikuwa wazi.

Nikaitikia, maana nilifunzwa adabu. Nikatupa jicho ndani ya debe nikidhani ni sukari, au hata chumvi. Lilikuwa na mchanga. Mchanga, na majani machache yamesimama juu yake kama nywele za mgonjwa. Amebeba majani kutoka jangwani kuyaleta Kimilili, ambako tunaamka na majani na kulala nayo!

Jairus alipoinama kunisalimia nilisikia harufu kwenye shati lake, shati nililolifua mimi kwa sabuni ya mche. Si harufu mbaya. Ni kama ardhi iliyoguswa na mvua, na utamu kidogo ndani yake. Ilikuwa inatoka shingoni kwa yule msichana. Chini ya shanga amevaa vijizizi vyeusi vilivyotungwa kwenye uzi na kupakwa mafuta. Kwa hiyo anamnukia mwanangu mpaka kwenye kola.

Nimetoa daftari hili, lililobaki tangu nilipokuwa nawafundisha akina mama kusoma. Tangu mume wangu Walubengo afariki, mtu wangu wa mazungumzo jioni ni Jairus akiwa nyumbani. Leo yuko nyumbani. Yuko kwenye kijumba chake ng'ambo ya ua, anacheka na mtu mwingine.

Machi 12

Lori limeondoka. Jairus aliniita kando. "Mvua ikianza, barabara ya Lodwar inakatika. Nataka mtoto azaliwe hapa, mikononi mwako."

Hapo moyo ulitulia. Watoto wa mtaa huu nimewapokea mimi, wengi wao. Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, na hakuna atakayemgusa kabla yangu.

Machi 15

Akiru hali chakula. Nimempikia ugali na mboga ya murere, akaonja, akaweka chini. Nikampikia kunde, akaonja, akaweka chini. Anasema, "Asante mama, mimi nashiba." Ameshiba nini, upepo?

Machi 19

Amelitua debe chini ya paa la nyumba yake, upande wa jua. Alipokwenda mtoni nilisogea. Nikavunja jani moja, nikazungusha bua lake kati ya vidole viwili. Mimi ni msusi wa mikeka, vidole vyangu havidanganywi. Nyasi ni ya duara. Hii ina pembe tatu.

Basi ni ukoo wa ndago. Ukoo mkubwa huo. Mafunjo ya kinamasini ni wao, na majani ninayokata mtoni kwa ajili ya mikeka ni wao, na ile ndago yenyewe inayoua mahindi ni wao. Lakini hii sijapata kuiona. Bua lake ni gumu, la rangi ya majivu. Nikachimbua kidogo kwa kucha: kizizi cheusi, na ile harufu.

Nikafukia upesi. Kidole kilinukia mpaka jioni.

Aprili 2

Mvua. Tumepanda mahindi.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 8, Jumapili

Jairus alifika jana. Nilichinja kuku. Firigisi niliiweka juu kabisa ya bakuli, mahali pake, kwa sababu tangu baba yake afariki yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii, na firigisi ni yake. Nimekula kuku miaka yangu yote nisijue ladha ya firigisi.

Akaikata vipande viwili. Kimoja akampa yule msichana.

"Jairus!"

"Mama, hajala nyama tangu nimwache hapa."

"Mpe paja. Mpe hata mapaja yote mawili."

"Ameshameza," akasema, na wakatazamana wakacheka. Mimi nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Aprili 24

Wakonyo amejiingiza. Wakonyo ni wifi yangu, dada ya marehemu, anakaa ng'ambo ya kijito. Ana ng'ombe na ana sauti. Mkeka hajui kusuka, na ule aliowahi kujaribu ulipinda kama barabara ya Kapenguria. Leo alivuka daraja la magogo na kibuyu mkononi.

"Habali ya hapa, Mama Jairus? Nasikia bibi ya mutoto yako hakuli."

"Anakula akitaka."

"Si unamupatia majani kama mbuzi, bana. Hawa watu ya Lodwar ni watu ya maziwa." Akampa kibuyu.

Akiru alikunywa amefumba macho. Alikunywa mpaka maziwa yakamtiririka kidevuni, kisha akamshika Wakonyo mkono kwa mikono yake miwili.

Mimi sina ng'ombe. Nilikuwa naye, tukamuuza ili Jairus aende shule.

Mei 1

Kila asubuhi Akiru anavuka kijito. Kila asubuhi anarudi mdomo mweupe na habari za Wakonyo. Wakonyo ameniambia hivi, Wakonyo ananifundisha kukama. Jana alisema, "Mama, wewe unajua Wakonyo anacheka namna gani?" Ninajua. Nimemsikia akicheka tangu nilipoolewa.

Sasa sijui tena namwonea nani wivu. Nilipoanza daftari hili ilikuwa huyu msichana kwa ajili ya mwanangu. Leo ni Wakonyo kwa ajili ya huyu msichana. Ee Mungu, hata mtu nisiyemtaka nakasirika akipendwa na mwingine.

Mei 6, Jumapili

Nimeanza kusuka mkeka wa mtoto. Mdogo, wa majani membamba kabisa, yale ya katikati ya bua. Sijamwambia mtu.

Mei 12

Mvua haikatiki. Akiru amehamisha majani yake kutoka kwenye debe. Alisomba mchanga mtoni kwa karai, na tumbo lile, akaumwaga chini ya paa akapanda humo. Nikamwambia kwetu mimba haisombi mchanga. Akasema, "Mama, hapa chini iko maji mingi, itaoza. Yeye anataka mchanga." Yeye! Kama anazungumza juu ya mtu.

Jioni huketi kando yake akiimba kwa lugha yao. Nilikaa mlangoni kwangu na mkeka wangu, nikasikiliza. Hakunialika, na mimi sikujialika.

Mei 20, Jumapili

Jairus alikuja na akaondoka. Aliniambia tukiwa tunatoka kanisani, mbele ya watu, ili nisiweze kupiga kelele. Amepewa kazi ya ghala Lodwar kwenyewe. Mtoto akishapata nguvu, mvua ikiisha, wanahamia huko wote watatu.

"Na mimi?"

"Wewe una shamba, mama."

Nina shamba.

Mei 21

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi Akiru alikwenda kwa Wakonyo kunywa maziwa. Mimi nilishika jembe niende kupalilia mahindi. Nikapita kando ya nyumba yake, nikaona chipukizi mbili zimetoka nje ya mchanga zikielekea kitalu changu cha mboga. Ncha kali, rangi ya majivu. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Ndago." Kila mtu hapa anajua shamba likishaingiwa na ndago limekwisha. Ukiikata inazaa. Kila kizizi kimefungwa kwa kingine chini ya ardhi, ukiacha kimoja umeacha vyote. Mtu mwenye akili haipigi jembe. Hupiga magoti akaifuata kwa vidole mpaka mwisho, kisha huianika juu ya mwamba mpaka ikauke kabisa, au huichoma.

Mimi nilipiga jembe. Nilipiga mpaka mchanga ukaruka ukutani. Nikakusanya yote, mabua na vizizi, nikayatupa jaani kwenye samadi. Sikuyaanika wala sikuyachoma, nilivyokuwa na haraka ya kuyaondoa machoni pangu. Mikono ilininukia vizuri sana. Nikaiosha kwa majivu, ikaendelea kunukia.

Akiru alirudi jua limepanda. Akasimama.

"Mama, iko wapi?"

"Ilikuwa ndago. Nimepalilia."

"Ile mama yangu alinipa."

"Huku tunapalilia."

Nilimngoja alie. Angelia, ningejua la kufanya, wanaolia nawajua. Akaingia ndani, akatoka na nguo zake kwenye debe lile lile, tupu sasa, akapita mbele yangu. "Asante, mama," akasema, na nilitafuta dharau ndani yake nisiipate. Akavuka magogo taratibu, mkono mmoja tumboni.

Hajarudi. Moshi wa Wakonyo naona umekuwa mkubwa leo.

Mei 27, Jumapili

Jairus hakuketi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama karani wa kodi.

"Mama, ulijua."

"Nilijua nini? Ndago ni ndago."

"Wewe? Wewe ambaye unajua jani kwa vidole gizani? Watu wakikosea jani huja kukuuliza wewe." Akavaa kofia. "Ulijua."

Hakuna mtu aliyewahi kuusifu ususi wangu kwa maneno mazuri hivyo. Akaenda kwa Wakonyo kula.

Juni 4

Mvua.

Juni 9

Mahindi ya bondeni yamekuwa manjano kwa maji. Nimesomba samadi yote ya jaani nikaitia mashinani. Kazi ya watu wawili nimeifanya peke yangu. Kutoka kule bondeni naona ua wa Wakonyo vizuri. Akiru amekaa kwenye kigoda anakamuliwa maziwa moja kwa moja kwenye kibuyu chake. Wakonyo anacheka.

Juni 10, Jumapili

Kanisani Wakonyo aliketi naye mbele. Amemvisha gauni lake la zamani, limemfika magotini. Akina mama walinizunguka. "Mama Jairus, kumbe mkwe wako anakaa kwa wifi yako?" Nikasema kwangu kunavuja.

Juni 22

Mkeka wa mtoto umekwisha. Ni mzuri kuliko yote niliyowahi kusuka. Nimeukunja nikauweka juu ya dari, upate moshi wa jikoni usiliwe na wadudu.

Juni 30

Nimekwenda mpaka kwenye magogo na mboga kwenye kikapu. Nikarudi na mboga zangu.

Julai 17

Nimechoka lakini sitalala kabla sijaandika.

Mvua ilinyesha tangu jana bila kupumua. Alfajiri kijito kilikuwa kimekuwa mto. Kulipopambazuka nikasikia Wakonyo anaita kutoka ng'ambo, na sauti yake, ambayo nimeilaumu miaka yote, leo ilivuka maji yale ikanifikia neno kwa neno.

"Mama Jairus! Mutoto amefika kwa mlango! Kuja!"

Nilichukua wembe mpya, uzi, kitambaa safi na mkeka. Nikakimbia. Magogo hayakuwepo. Maji yalikuwa yameyabeba, na shamba langu la bondeni lilikuwa chini ya maji mekundu, mahindi yamebaki vichwa tu. Niliingia mpaka kiunoni, yakanisukuma. Nikajaribu juu kidogo, nikateleza, nikashika mti. Nikarudi nikasimama.

Kutoka pale mlango wa Wakonyo unaonekana, na sauti ya mtu mwenye uchungu inasikika. Akiru hakupiga kelele. Alikuwa anaimba ule wimbo wake wa jioni, anaukata katikati, anauanza tena. Mimi nilijua kila hatua aliyofika kwa namna alivyoukata. Nilijua wakati wa kumwambia asisukume. Nilipiga kelele, "Asisukume bado! Wakonyo, mwambie apumue!" Sijui kama walinisikia. Nimepokea watoto wa watu wengi hivi, na wa kwangu nilikuwa namsikiliza kutoka ng'ambo ya maji kama mpita njia.

Halafu mtoto akalia.

Niliketi kwenye matope. Nilimshukuru Mungu, hilo ni kweli, lakini la kwanza lililonijia moyoni halikuwa shukrani. Lilikuwa: Wakonyo amemshika.

Mchana mvua ilikatika, na jua likiwa limeshaanza kushuka maji yakapungua kiasi cha mtu kuvuka kwa fimbo. Nikaingia nikiwa matope tupu. Akiru alikuwa amelala, macho wazi. Wakonyo alikuwa na mtoto mikononi, na shingoni mwa Wakonyo kulikuwa na ule uzi wa Akiru wa vijizizi vyeusi.

"Ni mama ya Akiru alifanya hivi kwao," Wakonyo akasema. "Ati mwenye anapokea mutoto anavalishwa. Nimekataa, akalazimisha." Hakukataa sana, ninamjua. "Ni musichana. Tumemuita Nafula, si amekuja na mvua?"

Mimi nilikuwa nimemwekea jina la mama yangu, Nekoye.

"Naomba nimwone," nikasema. Naomba! Wakonyo akanipa. Ana paji la uso la Walubengo. Ana harufu ile ya ardhi iliyonyeshewa, wameshampaka mafuta. Nilimshika kidogo, akalia, Wakonyo akanyosha mikono, nikamrudisha.

Mkeka nikauweka karibu na kitanda. Akiru aliupitishia vidole. Kisha aliupitishia vidole mara ya pili, kinyumenyume, kama msusi anavyojaribu kazi ya mwenzake.

Julai 29, Jumapili

Wakonyo alivaa uzi ule kanisani, juu ya gauni. Kila aliyempa mkono alimwuliza ananukia nini. Wimbo wa pili sikuuimba.

Agosti 5, Jumapili

Jairus alikuja kumwona mtoto. Alipitia kwangu baadaye, akaketi, akanywa uji. Maana yake nimeanza kusamehewa. Wanaondoka mvua ikitulia, mwezi ujao.

Nimekwenda kwa Wakonyo mara nyingi sasa. Ni vile vile. Nasema naomba nimshike, napewa, narudisha. Akiru ni mpole kwangu, hunikaribisha, hunipa kigoda. Lakini hajawahi kuinuka na mtoto akaja akaniwekea mapajani. Wakonyo humwekea hata bila kutazama, jinsi mtu anavyoweka mzigo mahali anapopajua. Hicho ndicho ninachokitaka duniani, wala sijui mtu anakiomba vipi, maana ukikiomba si chenyewe.

Agosti 14

Jua siku nzima. Mwamba wa nyuma ya nyumba umekauka kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Agosti 21

Nilishuka bondeni kuona yaliyobaki. Maji yalipoondoka yaliacha mchanga mwingi, mweupe, kama kitanda. Nusu ya mahindi imelala. Na kwenye mchanga, kati ya mistari miwili, kuna chipukizi. Ncha kali, rangi ya majivu.

Nilizungusha bua moja kati ya vidole. Pembe tatu. Nikakwangua mchanga, nikapata kizizi, nikakinusa.

Ni ile. Nilipoitupa jaani haikufa, nikaisomba mwenyewe pamoja na samadi, nikaitia shambani kwa mikono yangu, na mto ukaitandikia mchanga wake.

Nilipiga magoti nikang'oa magugu mengine yote yaliyoizunguka.

Agosti 22

Nimeipitia tena. Zimeongezeka.

Agosti 23

Uzi wa Wakonyo umeanza kukauka, nilimkaribia makusudi nikanusa. Yangu ni mbichi. Sitamwambia mtu.

Agosti 30

Jairus ametuma salamu kwa dereva kwamba Jumamosi ijayo analeta lori. Sijala.

Septemba 4

Wakonyo alikuja kunisaidia kuvuna yale mahindi ya bondeni, sikumwita. Akiru alimfuata na mtoto mgongoni, maana alitaka kuaga shamba, alisema. Wakonyo akatangulia na jembe begani, akafika kwenye mchanga, akapiga ukelele.

"Mama Jairus! Ndago imekumaliza!" Akainua jembe.

"Usiguse!" Sikujua kama nina sauti hiyo. Ilishinda yake.

"Si ni ndago?"

"Ninajua ni nini. Shusha jembe lako, Wakonyo. Hii haipigwi jembe."

Wakonyo akabaki na jembe hewani. Akiru akaja akasimama kati yetu. Alitazama chipukizi. Alitazama mahali ambapo magugu yalikuwa yameng'olewa kuizunguka, kwa mkono, duara safi, kazi ambayo hakuna mvua wala mto unaoweza kuifanya. Kisha akanitazama mimi.

"Mama," akasema. "Wewe umechunga hii?"

"Niliitupa mimi. Nikaichunga mimi."

Akafungua leso aliyombebea mtoto. Alitaka kupiga magoti achimbue, na kuichimbua kunataka mikono yote miwili, mtu yeyote anayejua majani haya anajua hivyo. Akamzungusha mtoto kutoka mgongoni mpaka mbele, akaninyoshea, akamwachilia mikononi mwangu akiwa ameshageuka, anatazama chini, vidole vimeshaingia mchangani. Hakungoja kuona kama nimemshika vizuri.

Nilimshika vizuri. Hakulia.

Jumamosi wanaondoka, na lori litapita njia panda nami nitasimama pale kama mama yeyote. Akiru amechukua vizizi vya kutosha kutunga uzi mpya, vingine amevirudisha chini akavifukia na kusema niviangalie. Yote hayo nitayaandika siku nyingine. Leo ninaandika hili moja tu, nisije nikalisahau uzeeni: Akiru aliponipa mtoto, Wakonyo alikuwa amesimama karibu naye kuliko mimi.